Ma-barre ya Avoine na Kamyo ya Mwisho

Kule Bulengera, mutaa wa Butembo, ndani ya parseli, yaani lupango, ya Maman Adèle, kuna mwanamuke mumoja anaitwa Jeannine, ambaye hajui kukaa. Anapewa kiti, anakaa, lakini muguu mumoja unabaki mbele kama wa mutu anayetaka kusimama. Kamyo ikiunguruma kule chini kwenye barabara kubwa, anasimama. Pikipiki ikizima mbele ya lupango, anasimama. Maman Adèle anasema tangu Jeannine apange kwake, kile kiti hakijapata joto hata siku moja.

Si mutu wa hapa. Alizaliwa Kikwit, akaolewa na askari anaitwa Octave, akamufuata Beni wakati walimutuma huku kwetu. Walipanga nyumba Mulekera, mutaa wa kule Beni. Kiswahili alijifunzia kule sokoni, kwa kuuliza na kuchekwa, na mpaka leo akikasirika anarudilia Lingala. Halafu Mulekera ikakuwa mubaya, watu wakalala na viatu kwenye miguu, tayari kukimbia, na Octave akamuambia apande Butembo, yeye atabaki na kazi yake. Ndivyo alifika kwa Maman Adèle, na valizi moja, babula moja, jiko lake la makala, na sufuria yake nzito ya kupikia ma-barre.

Hayo ma-barre niyaeleze vizuri, kwa sababu majirani wanayaita biskwiti na yeye hapendi. Anachukua avoine, ile nafaka ya uji wa watoto na wagonjwa, anachanganya na unga wa ngano, sukari na margarini, anafikicha kwa vidole mpaka inakuwa kama muchanga uliopata mvua kidogo. Nusu anaikandamiza ndani ya sahani ya bati. Juu yake anapakaa matunda aliyoyapika mpaka yakawa mazito: fraise, yale madogo mekundu ya vilima vya Lubero, marakuja, ao nanasi ya Beni kama imepanda na kamyo. Nusu ingine anaimwanga juu. Four, ile tanuri ya kuokea, hana. Anatia muchanga ndani ya sufuria, sahani juu ya muchanga, anafunika, na makala anaweka chini na juu ya kifuniko. Kisha anangoja yapoe, kwa sababu ukiyakata moto yanavunjika yote. Kungoja, ndiyo kazi inayomushinda.

Octave alikuwa anatia vile vipande mufukoni akienda pori. Vinakaa juma nzima, haviozi. Alikuwa anamuambia muke wake kwamba kuvila kule, chini ya mvua, ni kama kukaa kwenye mulango wa nyumba yake. Mara moja tu alienda bila, maana avoine ilikuwa imeisha, na ile mara alirudi na risasi ndani ya bega. Jeannine hasemi ni dawa. Ni mukristo, anaimba ndani ya chorale. Lakini tangu ile siku, hakuna mutu, hata padri, angeweza kumutoa wazo lile ndani ya kichwa: mume wake asiende tena mahali bila ma-barre yake mufukoni.

Basi siku moja Octave akapiga simu, sauti ya haraka haraka. Kundi lao linatumwa upande wa Kanyabayonga, kule kusini kwenye vita. Watapita Butembo na kamyo, labda kesho, labda kesho kutwa, yeye hajui, na kusimama hawatasimama. Alimuambia akae karibu na barabara. Halafu simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Na kesho yake ilikuwa ville morte, siku muji wote unagoma. Mutu wa Butembo hahitaji kuelezwa. Soko limefungwa, maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, wababa wanakaa mbele ya milango wanaangalia barabara tupu kama watu wanaongoja cinéma ianze. Siku kama ile, kamyo za jeshi tu ndizo zinapita.

Avoine Jeannine alikuwa nayo. Sukari alikuwa nayo. Matunda, hapana. Aligonga kwa jirani wa kwanza, kwa wa pili, akapewa huruma na maji ya kunywa. Alishuka mpaka barabarani akasikiliza, akapanda tena, akawasha makala, akashuka, akapanda akakuta makala yamekufa. Maman Adèle mwenyewe alikuwa ametoka asubui sana, ameenda misa, na kutoka misa angepita kwa wifi yake.

Nyuma ya nyumba ya Maman Adèle kulikuwa shimo la ndizi. Watu wa kwa Muyisa, upande wa bwana arusi, walikuwa wanakuja kuleta mbuzi za mahari ya Élodie, binti ya Maman Adèle, na mbuzi haziwezi kupokelewa na mikono mikavu, lazima kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zinalazwa ndani ya shimo, zinafunikwa na majani makavu na udongo, moshi unaingizwa kwa pembeni, na zinaivia mule kwa joto. Na huku kwetu, shimo la ndizi halifunguliwi na mutu ambaye hakulifunika. Hata mwenye nyumba anauliza kwanza. Joto likitoka mbele ya siku yake, halirudi.

Jeannine hakujua. Kwao, ndizi mbivu ni ndizi mbivu. Alipopita pale, harufu tamu ilikuwa inatoka chini ya udongo kama inamuita jina. Akafukua upande mumoja, akaona njano, akatoa zilizomutosha, akarudisha majani vizuri. Aliziponda, akazipika na sukari, akapanga sahani yake.

Mimi nilifika saa ile ma-barre yalikuwa yanapoa. Nilikuwa natembea kwenda Beni, ville morte ikanifungia njia, nikaomba kivuli. Jeannine akanipa kile kiti chake. Alisema nikae tu, yeye hakihitaji.

Maman Adèle aliingia na kitambaa chake cha misa kichwani, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jani kavu mukononi. 

"Nani amefungua shimo yangu?"

Jeannine hakujificha. Alijibu kwamba ni yeye, na kwamba alikamata kidogo tu, soko likifunguliwa atarudisha.

"Utarudisha nini? Joto? Utaenda kununua joto ku soko gani?"

Pale Maman Adèle akaanza Kinande. Alisema na ukuta, akasema na mbuzi aliyefungwa pale, akasema na marehemu mume wake, akauliza watu wa kwa Muyisa watakunywa nini, maji ya bomba? Jeannine alisimama mbele yake mikono chini, anasikia lugha isiyo yake, na hata pale, kitu kikiunguruma mbali, kichwa chake kilikuwa kinageuka. Ile ndiyo ilimuzimisha Maman Adèle. Akauliza kwa Kiswahili: uko nasikiliza nini? Na Jeannine akamuambia yote: kamyo, Kanyabayonga, simu iliyokatika, na lile bega.

Mama mzee alikaribia sahani. Akachukua kipande kimoja cha barre, akauma. Alitafuna mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili akasimamisha kinywa. Uso wake ukajikunja wote kuelekea pua, na kicheko kikamutoka mpaka akashika mulango.

"Binti yangu, hizi ndizi hapana za kukula. Ni za kukamua. Uko nataka mume yako afike kule na ulimi imefungwa?"

Kweli ndivyo zilivyo ndizi za kasiksi. Harufu ni ya asali, lakini nyama yake inakamata ulimi kama mutu anakamata mwizi. Ukizikamua pamoja na majani, uchungu unabaki ndani ya majani, na maji yanayotoka ni matamu kabisa. Jeannine alionja kipande chake, akaelewa, na macho yakamujaa machozi. Lakini kulia nako ni kukaa. Alikuwa amekwisha kushika ufagio, anafagia fasi iliyokuwa safi.

Shimo lililofunguliwa halifungwi tena, kwa hiyo Maman Adèle akakata shauri: kasiksi itakamuliwa leo. Watu wote wako nyumbani, ville morte imesaidia kitu kimoja. Jirani Eliane akaja na wenzake, mutumbwi wa muti wa kukamulia ukatolewa, majani yakakatwa. "Umefungua, utakamua," Maman Adèle akamuambia Jeannine, na Jeannine akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko.

Sijapata kuona mutu anakamua ndizi vile. Mikono ilikuwa ndani ya mutumbwi, masikio yalikuwa barabarani. Kila kishindo, anainua kichwa, majani yananing'inia kwenye vidole.

"Ile ni mvua, Maman Jeannine," Eliane alimuambia. "Mvua nayo ni bwana yako?"

Wanawake wakacheka. Jeannine naye akacheka kidogo, lakini aliangalia mawingu kwanza.

Maji ya kwanza yalipotoka, Maman Adèle akainama. Aliyachota ndani ya sufuria ndogo, akaiweka juu ya babula ya Jeannine, akaiacha ichemke, anakoroga, mpaka ikawa nyekundu na nzito, inashuka kwenye kijiko polepole. Kisha akauliza kama avoine imebaki. Imebaki. Basi kando ya mutumbwi, katikati ya kazi ya mbuzi za Élodie, wakapanga sahani ya pili: avoine chini, ile asali ya ndizi katikati, avoine juu, makala juu ya kifuniko. Yale ma-barre ya kwanza Maman Adèle alisema yapewe nguruwe. Jeannine aliyafunga kwenye pembe ya kikwembe, kile kitambaa chake cha mabegani. Alisema sukari ni sukari, nguruwe anaweza kungoja.

Harufu ya sahani ya pili ilikuwa imeanza kutoka wakati kamyo zilisikika. Mara hii hakuna aliyesema ni mvua.

Jeannine alifunua sufuria. Ma-barre yalikuwa yameiva juu, lakini yalikuwa moto, na moto hayakatwi. Alitaka kungoja, alitaka kukimbia, alifanya yote mawili, akazunguka babula kama kuku. Maman Adèle akamukunjia ngata, akamuwekea ile sahani na jani la ndizi juu ya kichwa, akamusukuma mugongoni. "Yavunjike. Enda."

Tulishuka wote, mikono ya wanawake ikingali inadondosha maji ya ndizi, na nyuki walitufuata mpaka barabarani. Pale chini, mvua za juzi zilikuwa zimekata barabara na kuacha shimo kubwa, kila gari linapita polepole, gurudumu moja moja. Kamyo ya kwanza ilipoinama ndani ya lile shimo, Jeannine akaita jina la Octave. Vijana wakaonyesha nyuma, nyuma. Na mumoja akanyoosha mukono chini, akasema kwa Lingala ya kwao: mama, utupe na sisi.

Angefanya nini? Alichota kwa jani, akaweka ndani ya ule mukono, vipande vinavunjika, asali inatiririka. Mukono mwingine ukashuka. Na mwingine. Nadhani katika kila mukono aliona bega lenye risasi. Aligawa kwenye kamyo ya kwanza, akagawa kwenye ya pili, huku anaangalia sura, anaita, na wale wanalamba vidole wanamuonyesha nyuma. Maman Adèle alikuwa anapiga kelele abakishe. Nadhani hakumusikia.

Octave alikuwa ndani ya kamyo ya mwisho. Alikuwa amekonda, amekaa karibu na mulango wa nyuma, na alipomuona muke wake akasimama. Jeannine akashusha sahani. Ilikuwa tupu. Jani lenyewe lilikuwa limelambwa.

Kamyo ikatoka ndani ya shimo, ikaanza kupanda. Jeannine akakimbia. Hakuwa na saa ya kufungua kifundo. Alivua kikwembe chote mabegani, akakizungusha, akatupa. Octave alikikamata na mikono miwili, akakibana kifuani. Alisema kitu, lakini injini ilikikula. Halafu wakapinda, na tukabaki na moshi.

Maman Adèle alimufunika na kitambaa chake cha misa, wakapanda polepole. Kule juu kasiksi iliendelea. Siku ya mbuzi, nilisikia, Syauswa, mujomba wa bwana arusi, alisema hii kasiksi bado ni mutoto, haijakomaa. Na ni yeye aliyeomba kalabashi ya mwisho.

Nilipopita tena kutoka Beni, niliuliza habari za Kanyabayonga. Jeannine alikuwa kwenye babula, anapika marakuja. Alinieleza kwamba siku nyingi simu haikupatikana, na kwamba zile siku alikuwa anajiambia: aliondoka na chakula cha nguruwe mufukoni, labda hiyo haihesabiki. Halafu siku moja, anafua nguo, simu ikalia, na bila salamu Octave akauliza:

"Wenzangu wanasema walikula asali. Mimi ulinilisha nini?"

Alimueleza shimo, Maman Adèle, ndizi za kukamua. Akamuambia asamehe, ayatupe. Octave alicheka mpaka akakohoa. Wale wengine, alisema, kufika Lubero walikuwa wamesahau walikula nini. Yeye mpaka Kanyabayonga alikuwa angali anatafuna.

"Nitupe? Nimebakisha moja. Nitakuletea mi mwenyewe, ukule mbele yangu, nione sura yako."

Jeannine alinieleza hayo anacheka, mukono juu ya kifuniko. Kisha kule chini kamyo ikaunguruma, inatoka upande wa kusini. Aliniachia kijiko, akatoka mbio, na marakuja ikaanza kushika chini.