Nilifunga sauti za kaka yangu ndani ya laptop

Admin, naomba jina langu lisitoke. Shemeji yangu naye husoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba. Tulikimbia kutoka upande wa Beni tukavuka mpaka tukaingia Bwera, mimi, kaka yangu na mke wake, ambaye hapa nitamwita Masika. Kaka alikuwa mwalimu. Miaka mitatu iliyopita aliugua ini, akafa Masika akiwa na mimba ya miezi saba. Wiki zake za mwisho, alipojua hatamwona mtoto, alikuwa anakaa kitandani na laptop yake anajirekodi akimsemesha. Alimwimbia, akamtajia majina ya babu zetu. Masika hakutaka kusikiliza. Alisema atangoja mtoto aanze kuelewa, wasikilize pamoja.

Mimi nasomea kompyuta Kasese, nimepanga chumba Rukoki. Masomo yalitaka kila mmoja awe na mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake, nikamwomba Masika ile laptop. Alinipa ikiwa imefungwa kwenye kitenge.

"Shemeji, vitu vya kaka yako visiguswe."

"Haviguswi," nikamwambia. "Ninaweka mfumo mwingine pembeni tu. Yote miwili itakaa ndani ya mashini moja."

Hakuelewa, lakini aliniamini. Nilijua kwamba kabla ya kazi hiyo unanakili kwanza kila kitu mahali pengine. Hata wenzangu niliwafundisha hivyo. Siku ile niliona uvivu kwenda kuazima flash.

Linux iliingia vizuri. Nilipowasha upya nikachagua Windows, ule mfumo wa kaka, ikaja skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Kumbe diski ilikuwa na kufuli la siri, na mimi nilikuwa nimebadilisha mipangilio ya kuwashia mashini. Labda ningeirudisha tu kama nilivyoikuta, ingefunguka. Lakini nilishaingiwa na hofu. Nikafuata video ya mtu nisiyemjua, akasema futa kumbukumbu za chipu ya usalama. Mashini ikaniuliza kama nina hakika. Nikakubali. Kumbe humo humo ndimo ulimokuwa ufunguo uliokuwa ukiifungua diski bila kudai zile tarakimu.

Nilimpelekea fundi mmoja mjini Kasese. Alihangaika nayo siku nzima, kisha akaniambia polepole, "Sauti ziko humu, hazijafutika. Lakini bila ufunguo hakuna mtu wa kuzitoa. Labda kaka yako aliacha nakala ya ufunguo kwenye akaunti yake ya mtandaoni."

Neno la siri kaka alikufa nalo. Ili kulibadilisha, ujumbe ulitakiwa uende kwenye simu yake, na laini ile ilishapewa mtu mwingine. Nikaipiga. Akapokea mama mmoja anayeishi Kitswamba. Nikamweleza yote, akasema, "Tuma, mwanangu, nitakusomea." Ujumbe ulipomfikia, akanisomea namba moja moja. Nikaingia. Nilitafuta kila mahali kwenye akaunti ile. Ufunguo haukuwemo, wala nakala ya sauti.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Masika nimekuwa nikimwambia bado nina mitihani. Juzi alinipigia.

"Shemeji, mutoto ameuliza papa yake iko wapi. Ulete mashini Jumapili. Nimengoja ya kutosha."

Nikajibu, "Nitaleta."

Sasa niwaambie jambo la aibu. Sauti yangu inafanana na ya kaka, hata mama yetu alikuwa anatuchanganya kwenye simu. Jana nilifunga mlango, nikawasha simu nijirekodi. Nikasema, "Mwanangu, mimi ni baba yako." Nikakwama hapo. Sijui yeye aliendelea vipi.

Nyinyi mnaosoma, hasa wamama mliofiwa na waume, niambieni ukweli hata ukiwa mchungu. Jumapili nikifika mlangoni kwa Masika, nianze kusema nini?