Baada ya Kusema "Kata"

Nilikuwa kidato cha sita, shule moja ya Kahororo, Bukoba, na somo la filamu ndilo lililonitia kiburi. Wenzangu wanahangaika na kemia, mimi natembea na kamera ya shule shingoni, najiona. Mjinga mkubwa!

Kazi ya mwisho ilikuwa filamu fupi juu ya mila ya kwenu. Nikachagua irage: mzee anaona siku zake zimekaribia, anaita ukoo, anatamka mbele ya mashahidi nani abaki na kibanja, shamba la nyumbani. Likizo nikaenda nyumbani Nshamba, nikamlaza baba yangu, Rweyemamu, kitandani, nikampaka unga wa muhogo usoni aonekane mgonjwa. Baba alikuwa mzima kabisa, anacheka mpaka unga unadondoka. Mashahidi walikuwa wazee wawili wa ukoo na baba mdogo, Lameki.

Katika hadithi yangu kibanja anapewa binti anayeitwa Kokushubira. Baba kila akifika hapo anakwama. "Nani vile? Kokuhirwa?" Wazee hawana mbavu. Mara ya nne nikachoka. "Baba, taja jina langu tu, tumalize!"

Akajikaza, akakohoa. "Kibanja changu, na kahawa zake, na makaburi ya wazee wangu, namwachia Vestina, mwanangu."

"Kata!" nikasema. Wazee wakainuka kwenda kula ndizi za mama. Kamera nilikuwa sijaizima. Baba akajifuta unga, akamgeukia Lameki, na sasa hakuwa anacheka. "Lameki, yale si maigizo. Siku nikiondoka, kibanja ni cha huyu na mama yake. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Mwalimu Ildefons alikuwa ametufundisha kwamba kadi ya kamera ni moja na sisi tuko kumi na wawili, kwa hiyo kila kinachokuja baada ya "kata" ni takataka, futa. Nikafuta. Sauti yangu nayo nikaiondoa, filamu ikatoka safi. Darasa zima lilinipigia makofi.

Miezi mitatu baadaye baba alipigwa na kiharusi. Aliishi siku tano, hakutamka neno hata moja. Tulimzika pale pale kibanjani, katikati ya migomba.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Mimi ni mtoto pekee, tena wa kike, na Lameki alishaanza kupima mipaka kwa hatua. Mama akaniambia, "Waonyeshe." Nikawaonyesha kwenye kompyuta ya kuazima. Walipomwona baba anaongea, wengine walilia.

Lameki hakulia. "Vestina, si wewe uliyemwambia ataje jina lako? Wazee hawa si walisikia?"

Wale wazee wawili wakatazama chini. "Tulisikia," mmoja akasema. "Ilikuwa kazi ya shule."

"Na baada ya hapo?" Nilikuwa nimepiga magoti. "Baba mdogo, waitu, nakuomba, wazee walipokwenda kula, baba alikwambia nini?"

Akanitazama machoni. "Alisema ana njaa."

Mawe, mama yangu! Mtu na kaka yake!

Kesho yake nilikimbilia shuleni Bukoba, labda nilichofuta bado kinaokoleka kwenye kadi. Mwalimu Ildefons akanitolea kadi. Ilijaa harusi ya dada yake mwanafunzi mwingine.

Lameki ametupa muda mpaka kahawa ziive, tuhame. Mama ananiuliza kila asubuhi, "Hakuna kabisa, mwanangu?" Namjibu hakuna, halafu narudi kuiangalia filamu tena, ingawa naijua kwa moyo. Inaishia kwenye jina langu; yaliyofuata nayaona kichwani tu: wazee wanainuka. Baba anajifuta unga, anageuza uso kwa Lameki, anafungua mdomo. Hayo ndiyo niliyoyakata.