Binti wa Shule ya Kimataifa Anayeuza Maharage ya Mpui

Saa mbili asubuhi, baridi ya Mpui, mkoani Rukwa, bado inang'ata masikio, na Coleta Sikazwe amepiga magoti kwenye umande. Anapiga makofi taratibu, salamu ya Kifipa, mbele ya Mzee Leonsi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Nyuma ya Coleta amesimama mnunuzi wa maharage, Mholanzi, mikono mfukoni.

"Huyu ndiye mnunuzi?" mzee anauliza. "Mbona mwembamba hivyo?"

"Ndiye, baba. Tumkamate asituponyoke."

Coleta, 31, ndiye muuzaji wa kikundi, kwa posho ya laki mbili na nusu kwa mwezi. Alitoka kijijini kwao Msanzi, huku huku Rukwa, ana miaka kumi na miwili, akapata ufadhili wa shule ya kimataifa huko Arusha. Kule mwalimu aliitwa kwa jina lake, na mtoto akimbishia alisifiwa.

Akarudi na digrii, na mambo hayo hayo. Kikao cha kwanza alimpa mzee mkono, wima kama mlingoti: "Habari za asubuhi, Leonsi?" Mzee akabeba jembe lake, huyoo, na watu wote nyuma. Misimu miwili hakuna aliyemsikiliza.

"Kubishana kwa Kiingereza nilijua, kuomba radhi kwa Kifipa sikujua," anasema akicheka. "Mama akanifundisha upya kupiga goti, mimi na digrii yangu!"

Leo Mholanzi akikataa, maharage ya kaya sitini yanarudi kwa walanguzi. Na mambo yanaanza vibaya. Mgeni anatazama ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa, anadhani shamba limetelekezwa.

Coleta anazamisha mkono kwenye tuta, anachota udongo mweusi wa nyasi zilizofukiwa zikaoza, anamsogezea puani. Hiyo ndiyo mbolea yetu, anamwambia kwa Kiingereza cha kasi. Mgeni anataja bei. Coleta anaikataa hapo hapo, kidole juu.

"Anamgombeza?" mzee ananong'ona.

"Anamuuzia," anajibu Rahel, mweka hazina.

"Basi na agombeze!"

Mholanzi anacheka, anakubali: tani nane kwa kuanzia, kwa bei ya Coleta. Vigelegele vinapasuka, mzee mwenyewe anaruka.

Mwakani Coleta anataka kila gunia liandikwe jina la Mpui.

"Niliosoma nao wako Dubai, wako Geneva, wananiuliza nitaondoka lini huku," anasema, macho yakimeremeta. "Nimewaambia wasubiri, nawatumia maharage. Wakishakula, wao ndio waniambie wanakuja lini."