Dirisha la Shangazi

Chumba cha kufulia cha hoteli ile kilikuwa chini kabisa, chini ya jiko, chini ya maegesho, kule ambako majengo makubwa huficha aibu zake. Humo alipiga pasi Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani, lakini jina lilimganda kama wanga kwenye kola, hata meneja aliyemzidi umri akawa anamwita hivyo hivyo.

Mvuke ulijaa mpaka watu wakaonekana nusunusu: kichwa kinapita bila miguu, mkono mtupu unadai sabuni. Shuka likiingia kwenye rola la pasi lilitokea upande wa pili jeupe, la moto, pana kama anga, na Shangazi akilitazama tu, keshaenda zake.

"Mwacheni, kasafiri," alizoea kusema mkunja taulo, jamaa mnene waliyemwita Kifurushi. "Akirudi atatuletea zawadi."

Siku hizo safari zote za mawazo zilimfikisha mahali pamoja: kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeuza miche ya maua kando ya barabara. Wifi alitafuta msaidizi, akamtaka yeye. Alimwambia kwa mdomo wake ule wa kiwifi: "Jumatatu usipotokea, nachukua mwingine. Tena nitachukua mrembo, kaka yangu naye apumzishe macho."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, ila alijua wifi hatanii kuhusu Jumatatu. Naye kazini aliingia alfajiri, akatoka giza limetanda. Jua alilisikia kwa watu tu, kama habari za ndugu aliyetajirika.

Ijumaa alipanda ngazi hadi kwa meneja. Barua alikuwa ameianza, mvuke ukailainisha ikawa uji, basi akasema kwa mdomo.

"Bosi, naacha kazi."

"Unaacha kazi gani?"

"Hii hii. Ninayo moja tu."

Meneja alishika kola ya shati lake, aliyoipigia pasi Shangazi, kama mtu anayeiaga. "Shangazi, sisi hapa ni familia."

Familia yenyewe ndiyo iliyomweka shangazi yao chini ya maegesho, lakini hakulisema hilo.

"Nakupandisha cheo," meneja akaendelea. "Kuanzia leo wewe ni Mratibu Mwandamizi wa Unyoofu."

"Huyo anafanya nini?"

"Anapiga pasi. Ila kwa mamlaka."

Nyuma ya meneja pazia lilipumua taratibu, likavimba, likanywea, na kila likivimba mwanga uliteleza sakafuni ukamgusa Shangazi ncha za viatu. Akawa kasafiri tena.

"Basi taja mwenyewe," meneja alisema. "Unataka nini? Taja nikupe."

"Dirisha," alijibu, kwa sauti ya mtu anayeota.

"Dirisha tu?" Uso wa meneja ukachanua. "Kesho utalikuta!"

Usiku ule Shangazi alimhadithia mumewe kuhusu dirisha mpaka mumewe akasinzia. Jumamosi aliteremka ngazi kama hazikanyagi. Wifi atanielewa, alijiambia. Nikipata mwanga kidogo tu, nabaki.

Alilikuta kweli. Ukuta wa chumba cha kufulia ulikuwa umetobolewa upande wa korido, ukawekwa kioo chenye kitundu cha kuongelea na kiti kirefu chenye mto. Juu yake kibao kipya kabisa: DIRISHA LA MALALAMIKO. Foleni ilishaanza, na wa kwanza alikuwa Kifurushi.

"Nalalamika," alisema kitunduni. "Wengine hatujapewa dirisha."

Meneja alisimama kando, jasho la furaha likimtiririka. "Ulivyosema dirisha nikawaza, huyu mama ana akili! Anataka kuhudumia watu!"

Shangazi alikaa. Mto ulikuwa laini. Kumkatalia mtu aliyekutobolea ukuta si jambo jepesi, na kwa kitambo alijiona hapo miaka na miaka, akipokea manung'uniko ya foronya. Mvuke ulipanda mgongoni mwake ukakitia kioo ukungu. Akaupangusa kwa kiganja, polepole, akitarajia jani, hata moja. Akakutana na pua ya Kifurushi.

"Bosi, asante," alisema. "Dirisha zuri. Ila linaangalia ndani."

"Kwani madirisha huangalia wapi?"

Hakuwa anatania. Shangazi alimtazama, akamwonea huruma kama anavyoonewa mtoto aliyechora samaki mwenye miguu. Kumbe mtu anaweza kutoboa ukuta kwa moyo mweupe kabisa asijue nje iko upande gani. Akamnyooshea kola kwa vidole.

"Jumatatu siji, bosi."

"Sasa hapo atakaa nani?"

Kifurushi alishazunguka, kashakikalia kiti. "Dirisha limefungwa!" alitangaza. "Mhudumu yuko kwenye chakula!"

Adhuhuri, baada ya shuka za mwisho, Shangazi alitokea mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka. Mchana ulimpiga usoni akafumba macho, kisha akayafumbua kwa zamu, moja baada ya jingine. Ukuta wa jirani ulikuwa wa manjano. Manjano kweli! Akatoa simu.

"Wifi, nakuja."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nje."

"Nje wapi, we mwanamke?"

Shangazi aligeuka kushoto, akageuka kulia. Mtaa huo hakuwahi kuuona mchana.

"Subiri kwanza, wifi," alisema. "Bado naangalia."