Betri Iliyopakwa Siku ya Harusi

Harufu ya mafuta ya nyonyo ikinipitia popote, hata kwenye foleni ya benki, mimi hucheka peke yangu. Watu hunitazama. Nawaacha wanitazame, maana nitaanzaje kuwaeleza kwamba nimekumbuka betri?

Nilikuwa msichana wa miaka minane, nikikaa kwa Bibi kule Mtera, karibu na bwawa. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, na vitu vya ng'ambo, vipya kwa vikuukuu, vikaanza kutufikia hata sisi wa bara. Baba mdogo Yona akajipatia injini ya boti iliyokwisha kuchosha watu wawili watatu kabla yake. Kamba ya kuvutia haikuwa nayo. Ilikuwa na kitufe chekundu tu, ukikibonyeza, inanguruma. Baba mdogo alikipenda kitufe kile kuliko alivyompenda mtu yeyote, na nasema hivyo nikijua wanawe watasoma hapa.

Basi shangazi Eunike akaposwa upande wa pili wa bwawa. Wazazi wangu walikuwa watumishi mjini Dodoma, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, na tangu habari ya kuondoka kwake ifike, wiki nzima nilimfuata kila aendako nikizuia machozi. Baba mdogo aliapa kwamba dada yake atafika kanisani kwa injini. Mchungaji wa kule naye akatuma neno: saa nne kamili anafungisha ndoa, kisha anapanda baiskeli kwenda usharika mwingine, na kurudi ni mpaka mvua ziishe.

Asubuhi ya siku yenyewe Bibi alimkalisha shangazi kwenye kigoda uani, akampaka mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na udongo mwekundu, usoni, mikononi na miguuni. Gauni jeupe lilikuwa sandukuni, la kuvaliwa akishafika na kunawa. Bibi alipaka huku akinuia kwa Kigogo kwamba kila kinachosafiri na bibi harusi kipakwe, kisikwame njiani. Akapaka sanduku, akapaka hata kapu la kuku. Kisha akamfunika shangazi kanga gubigubi na kumkumbusha kuwa tangu hapo hasemi neno mpaka akabidhiwe kwa wakwe zake.

Mimi nikaona Bibi amesahau kitu. Barazani ilikuwepo betri ya boti, imerudi jana yake kutoka kuchajiwa, vichwa vyake viwili vya risasi, pale zinapofungwa waya, viko wazi. Nikachota udongo uliobaki kwenye bakuli nikaipaka kwa heshima zote, na vile vichwa nikavirudia mara tatu, kwa sababu ni vichwa. Baba mdogo alipokuja kuibeba udongo ulikuwa umeganda. Asubuhi ile kila kitu kwetu kilikuwa chekundu, naye alikuwa na haraka. Akaenda kukaza waya juu yake bila kuangalia.

Tukapanda botini. Vigelegele vikapigwa, baba mdogo akabonyeza kitufe. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Vigelegele vikaanza kukosa pumzi. Jua lilikuwa linapanda, na kwa miguu kuzunguka bwawa tungefika mchana mkubwa. Mmoja akasema mafuta yana maji, mwingine akasema aliyechaji betri ametudanganya.

Baba mdogo, ambaye nimemsikia akigombana hadi na mbuzi, siku hiyo alitulia kama daktari. Alitoa balbu ya pikipiki iliyofungwa nyaya mbili, akamwomba Bibi awe anabonyeza kitufe. Akagusisha nyaya kwenye vichwa vyenyewe vya betri: Bibi akabonyeza, balbu ikaendelea kuwaka. Akazihamishia kwenye waya za injini zilizokazwa juu ya vichwa hivyo hivyo: Bibi akabonyeza, balbu ikazimika.

"Umeme upo," alisema. "Unakwama hapa, kati ya kichwa na waya."

Akalegeza kwa spana. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, wenye alama za vidole. Mikono yangu ilikwisha kujificha kwapani.

"Nani kaipaka betri yangu?"

Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kope, na nilijua nikifumbua mdomo nitalia ya betri pamoja na yale ya wiki nzima. Ndipo sauti ikatoka chini ya kanga.

"Mimi, kaka. Si mlisema kila kinachosafiri na mimi?"

Bibi nusura akae kwenye maji. Bibi harusi kasema! Kicheko kilichofuata kiliitikisa boti. Baba mdogo alizitazama zile alama, vidole vidogo kama njegere, akanitupia jicho mara moja, kisha akakwangua kwa kisu. Akakaza, akabonyeza, injini ikanguruma, nasi tukamkuta mchungaji mguu mmoja uko kwenye pedali.

Wakwe wa shangazi wanamwita Mama Betri hadi leo, na hajawahi kunitaja. Njia nzima, chini ya kanga, shangazi aliushika mkono wangu kwa nguvu hadi ukauma, nami nikadhani anaogopa nisitumbukie. Ilinibidi niolewe mwenyewe, nifunikwe, nitafute mkono wa kushika, ndipo nikajua siku ile nani alikuwa amemshika nani.