Nguchiro Mwenye Kanzu

Baba alipofariki, mpwa wake, mtoto wa shangazi yangu, alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akasoma dua kwa sauti kuliko wote, na arubaini ilipokwisha akachukua minazi. Kwa mila yetu Wadigo, mpwa ndiye humrithi mjomba; ya baba ilikuwa yake, sikatai. Lakini alichukua na ile ya nyuma ya jiko, ambayo mama aliipanda kwa mikono yake, na kila mtu pale Msambweni alilijua hilo. Mama akawa ananunua nazi sokoni. Nilimchukia mtu yule, wala sikuona haya.

Kisasi changu kilinijia darasani. Uhuru ulikuwa bado mbichi, mimi ndiyo kwanza nimeanza kufundisha, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Wanafunzi wangu waliandika insha za maisha yao kwa tamathali za kuokota vitabuni; kila bibi nywele zake nyeupe kama theluji.

"Nani kati yenu ameiona theluji?" niliwauliza. "Basi iacheni huko huko iliko. Andikeni mnachokijua."

Msichana mmoja aliandika jinsi jogoo wao alivyokufa, kisha nguchiro akaja akala mayai ya kuku. Insha ilikuwa kavu. Nikamwambia ampe mnyama yule utu.

"Angekuwa mtu, angeingiaje?"

"Angepiga hodi, mwalimu."

"Amevaa nini?"

"Kanzu."

Wallahi sikumtia neno kinywani. Nilimwambia tu aendelee, na siku ya wazazi nikamteua yeye asome.

Alisoma vizuri, Mungu amjalie. "Nguchiro alipiga hodi, akavua viatu, akampa kuku pole ya msiba. Aliketi kitako akasoma dua ndefu. Alipoondoka, kanzu yake ilikuwa imevimba tumboni."

Wanawake wakaanza kujiziba midomo kwa leso. Kwetu fumbo halijibiwi, anayelijibu amelivaa. Mwenyekiti wetu ni mzaliwa wa pale, alilijua hilo tangu utotoni, lakini hasira zilimshinda. Akasimama pale mstari wa mbele.

"Minazi ile ni haki yangu kwa mila!"

Hakuna aliyekuwa ametaja mnazi.

Tangu siku ile wakwezi walikataa kumwangulia. Nazi zikadondoka zenyewe, zikaota majanini. Mwishowe alimtuma mtu amwambie mama achukue minazi yake. Nilimkataza mama asikubali mpaka aje mwenyewe, mchana, aseme mbele ya majirani.

Akaja. Akasema. Mama, kwa moyo wake ule ambao sikuurithi, akaagiza mgeni aanguliwe dafu. Alilinywa barazani mpaka tone la mwisho, na mimi nilikuwa jikoni nikiomba limpalie.