Sakafu Aliyochezea Bingwa

Ninyi vijana wa Nyamiaga mnaogombania kupiga picha na mjukuu wangu kila akishuka kwenye basi pale Ngara, someni haya kwanza. Picha zitangoja. Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayakuishia huko.

Mnasema "bingwa wetu". Wetu na nani? Alipokuwa mtoto hakuwa wenu. Alikuwa wangu, na wa ile sakafu ya saruji waliyoiacha wageni waliokuja enzi za kambi za wakimbizi za Lukole. Jioni walichezea tenisi pale, wamevaa nyeupe kama watu wanaokwenda kubatizwa. Walipoondoka, wavu uliibwa, sakafu ikabaki kwa sababu haibebeki. Sisi kina mama tukaanikia udaga. Muhogo tuliouvundika ukalainika, ukilala pale siku za jua unakauka mweupe, hauna mchanga hata chembe.

Mjukuu wangu aliokota mpira wenye manyoya mferejini, akachukua mwiko wangu wa ugali, akawa anaupigiza mpira ukutani. Nilimchapa. Nilimchapa kwa ajili ya mwiko, si kwa ajili ya mpira. Baadaye mwalimu wake akamtafutia raketi kuukuu, nami nikamfungia kamba ya ndama katikati ya ile sakafu, nikaitundikia vitenge, ukawa wavu. Kila alasiri nilisogeza udaga wangu na kuwaomba wenzangu wasogeze wao. Hapo ndipo nilipowajua watu.

"Msichana anarukaruka kama mbuzi," alisema jirani yangu. "Huyu nani atamtolea ng'ombe?"

"Wewe ulitolewa," nikamwambia, "na mumeo akilewa anawataja ng'ombe wale mmoja mmoja kwa majina."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, naye alikuja na fimbo yake kutetea heshima ya ukoo. "Shemeji, ile sketi ya mtoto inaishia wapi?"

"Inaishia pale unapoangalia wewe."

Mtoto akaenda Bukoba na wanafunzi wenzake, akashinda. Akaenda Dar es Salaam, akashindwa, akarudi, akapiga mpira kwenye ile sakafu mpaka soli ya kiatu ikatoboka. Akaenda tena, akawa bingwa wa wanawake wa nchi nzima, wa kwanza kutoka vilima hivi. Kisha akavuka mpaka, akawapiga na wa huko. Redioni wakamtaja. Siku hiyo ukoo wetu uliongezeka ghafla kama uyoga baada ya mvua. Shemeji sasa anajitambulisha stendi kuwa ndiye aliyemlea. Jirani anaapa kwamba ule mwiko ulikuwa wa kwake.

Majuzi mjukuu akanipigia simu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, ile sakafu bado nzima? Nataka nije nijiandae hapo kabla ya mashindano makubwa, na niwafundishe wasichana wa shule. Ikiwa na mashimo mpira unaruka ovyo, siwezi."

"Ni nzima," nikamwambia. "Njoo."

Sikujua ulimi wangu unaahidi nini. Jana akaja mwenyekiti wa kijiji pamoja na shemeji, nyuso zinameremeta.

"Mama, tumeamua kumpokea bingwa kwa heshima. Tutasimika nguzo, tuezeke majani ya migomba, pombe ya ndizi iwe katikati, yeye akae kwenye kiti kirefu."

"Wapi?"

"Pale pale kwenye sakafu yake! Hapana tope. Tutatoboa mashimo machache tu ya nguzo. Vijana watakuja na mitaimbo kesho asubuhi."

"Mnataka kumheshimu mpishi kwa kumtobolea sufuria?"

Shemeji akacheka. "Shemeji, wewe na maneno yako. Mkutano umeshapitisha."

Mkutano! Watu wazima wamekaa kikao kizima, hakuna hata mmoja aliyejiuliza bingwa anachezea wapi. Walichokiona ni mahali pa kuweka mtungi.

Sikubishana zaidi. Mimi mwanamke mzee siwezi kumnyang'anya kijana mtaimbo. Lakini najua jambo moja: hapa kwetu hakuna anayekanyaga chakula kilichoanikwa. Hata mlevi anayetoka kilabuni hukizunguka. Ukikanyaga udaga wa watu, mama yako mwenyewe hatakupakulia.

Walipoondoka nikawaita wote wa nyumbani kwangu, wake wa wanangu na watoto wao, nikawaambia: "Toeni udaga wote darini, hata ule uliokwisha kukauka. Kesho kabla jua halijachomoza uwe umeanikwa juu ya ile sakafu, kona hadi kona, mstari hata mmoja usionekane. Atakayekuja na mtaimbo mwambieni asubiri ukauke. Ukikaribia kukauka, unyunyizieni maji. Na asiuanue mtu mpaka mjukuu wangu ashuke kwenye basi."